Weka na ya Kutolea

Nyumba ya mama iko Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani:
vyumba sita, ukumbi katikati,
kisima cha uani kimefunikwa bati na jiwe.
Mimi niko Mwanza, maabara,
nahesabu chembe za damu za watu
huku Semhando ananihesabia kodi.

Ujumbe wake huja tarehe tano, haukosei:
Shikamoo dada. Cha kwanza kalipa.
Cha pili kalipa nusu, ana msiba Pongwe.
Cha tatu kalipa, nikanunulia koki.
Cha nne bado kitupu.
Cha tano kahama usiku, kaondoka na balbu.
Cha sita anasema atakuona wewe mwenyewe.
Shimo limejaa, gari la kunyonya elfu themanini.
Ongeza ishirini. Weka na ya kutolea.

Naweka.
Miaka mitatu sasa mimi ni mwenye nyumba
anayeilipa kodi nyumba yake.
Kazini wananiita Mama Mjengo, wanakuja kukopa.
Kaka Mbaruku anasema tuuze, tugawane,
kila mtu afe na chake.

Likizo ya Aprili sikumuaga mtu.
Nilishuka Kange alfajiri, mvua ikinisubiri.
Mlango wa mbele ulikuwa wa kijani,
rangi ambayo sikuwahi kuitumia hela.
Na kile chumba cha nne, kitupu cha miaka miwili,
kilikuwa kinanguruma:
cherehani tatu, wasichana watatu,
sare za shule zimerundikana hadi dirishani.
"Kodi mnampa nani?"
"Mwenye nyumba."
"Ndiye nani?"
"Si Mzee Semhando," wakashangaa,
"kwani wewe umetumwa na nani?"

Alikuja na baiskeli, boflo mbili kwenye usukani.
Aliniona, akaegesha taratibu,
akafuta miguu kizingitini kama mgeni.
Hotuba yangu niliitunga tangu Singida, ina mwizi, ina polisi.
Yeye akatoa daftari chini ya tandiko.
"Dada, cha nne ndicho mshahara wangu.
Msibani uliniahidi kumi katika mia.
Hiyo kumi naisubiri hadi leo."

Nikakumbuka. Nilisema kweli,
nimemshika mikono, kanga imelowa,
na machozi hayana risiti.

Lakini mimi ni mtu wa hesabu.
"Kimoja katika sita," nikamwambia,
"si kumi katika mia."
Akakuna kidevu. "Hiyo ni kweli."
"Na rangi ya mlango?"
"Hiyo yangu. Mama yako alipenda kijani."

Umeme ukakatika tukiwa ukumbini.
Yeye akaendelea kutembea gizani, anaongea:
hapa boriti imeoza, hapa panavuja upepo ukigeuka,
huyu wa pili mdai asubuhi, jioni keshakunywa,
huyu wa sita ukimpa salamu ya mumewe analipa.
Mimi, niliyezaliwa chumba cha tatu,
nikagonga ugoko kwenye ngazi ya uani,
ngazi aliyokuwa akikalia mama kuchambua mchele.
Hati iko Mwanza, kabatini, ndani ya nailoni.
Haijui panapovuja.

Tuliandika upya, kwa kalamu ya wasichana wa cherehani:
kumi na mbili katika mia, risiti kila kitu,
cha nne kiitwe cha nne.
Alisaini polepole, ulimi nje.
Sijui kama nimemshinda.
Sijui kama ataandika balbu zote.

Segera, basi limesimama watu wachimbe dawa,
simu ikatetemeka:
Dada umesahau kanga kwenye kamba ya katani uani.
Naipakia basi la kesho. Mzigo elfu tano,
risiti nitakupigia picha.
Weka na ya kutolea.

Nikasimama na chungwa la kumenywa mkononi,
juisi inachuruzika hadi kiwiko,
nikabonyeza kwa kidole gumba.
Elfu tano.
Na ya kutolea.