Mshale Ulirudi Sufuri

Miaka kumi na minne napima samaki Mwaloni, Kirumba,
kwa mizani ya kuning'inia, uso wake kama saa ya ukutani.
Sangara wa kilo tisa namjua kwa kutazama shingo ya mbebaji.
Uzito kwangu haukuwa na fumbo.
Ulikuwa pesa.

Jumanne ile kulabu ilikatika.
Sangara wa Bwire, kilo ishirini na moja,
akaanguka pamoja na mizani yenyewe,
na macho yangu, kwa mazoea tu, yalikuwa kwenye mshale.
Ukarudi sufuri.
Kabla ya kishindo, kabla ya Nyamizi kupiga yowe,
kabla ya Bwire kuuliza nani atalipa,
mshale ulikaa sufuri, umetulia,
kana kwamba hapakuwa na samaki.

Jioni nikamsimulia Wande, anayesoma fizikia kwa mwanga wa simu.
Hakushangaa.
"Samaki hakupoteza uzito, mama. Hakuwahi kuwa nao.
Mlikuwa mnamzuia tu.
Aangukaye havutwi; yeye ndiye aliyepumzika.
Sisi tuliosimama ndio tunaosukumwa:
sakafu inakusukuma nyayo mchana kutwa."

Miguu yangu ilimwelewa kabla ya kichwa.

"Sasa kama hakuna kamba, nini kinamleta chini?"

Akachora ziwa sakafuni kwa chaki.
"Boti moja itoke Bukoba, nyingine itoke hapa,
zote kaskazini, usukani umefungwa, hakuna kukata kona.
Tufanye mbele yao hakuna nchi kavu,
ni maji matupu hadi utosini mwa dunia.
Kila siku manahodha watapima nafasi iliyo kati yao
na kila siku itakuwa imepungua.
Watasema kuna kitu kinatuvuta.
Watakisaka kwenye mkondo, kwenye injini, kwa waganga.
Kumbe hakuna amvutaye mwenziwe.
Wao wamenyooka. Maji ndiyo yaliyojikunja."

Akapuliza vumbi la chaki vidoleni.
"Samaki naye alinyooka.
Kilichopinda ni nafasi, na wakati umo humohumo,
vimesukwa pamoja kama ukili wa jamvi:
huwezi kuvuta uzi huu ule ukabaki."

Hapo nikajitia ujuzi. Nikasema, basi ni kama
wavu wa kuanikia dagaa: weka jiwe katikati,
wavu unabonyea, dagaa wote wanaserereka.
Akacheka. "Na jiwe limebonyeza wavu kwa nini?
Umefumbua fumbo kwa fumbo lilelile.
Fikiria saa, mama.
Saa iliyoko Bugando, juu kilimani, na hiyo yako ya ufukweni
hazilingani. Yako inachelewa,
kiasi cha unywele wa sekunde uliopasuliwa mara mabilioni.
Karibu na kitu kizito wakati hutembea pole,
na kilichoachiwa huru
huelekea huko wakati unakopunguza mwendo."

Bugando.
Mama yangu alilazwa ghorofa ya saba, wiki tisa,
nami nikimpelekea uji nilidhani siku zake zinakimbia
kwa ajili ya ugonjwa peke yake.
Sikumwambia Wande.
Unywele ule ni mwembamba mno, haubebi kilio.

Asubuhi nilipita chini ya majabali,
yale yanayobebana, jiwe juu ya jiwe, watoto wanapoanika kaptula.
Wageni huyapiga picha, husema yametulia.
Nikayaonea huruma:
tangu enzi na enzi kila moja linasukumwa na lililo chini yake,
halijapumzika hata siku moja.

Kulabu mpya tumenunua, ya chuma, nene.
Nikatundika sangara wa kwanza. Mshale ukapanda: kumi na mbili.
Bwire akainama, akafinya macho.
"Hii mizani inasema kweli?"
Nikamwambia inasema kweli ikizuiwa.
Hakuelewa.
Bado anadai hela ya yule aliyepasuka.