Ankara ya Tano

Machi iliyopita niliiacha meza yangu ya ofisini,
meza yenye droo moja isiyofunga,
nikatoka na brashi saba, turubai la futi ishirini,
na neno nililolitamka mbele ya kioo mpaka likalainika:
kujitegemea.
Sikujua kwamba limebeba kutegemea tumboni.

Nilitegemea simu.
Nilitegemea Mama Gimono asibishe hodi tarehe mbili.
Nilitegemea jua, maana rangi ya maji haikauki
mlima Wanale ukishajitanda wingu kichwani
na mvua ikaingia Mbale bila kuniuliza ratiba.

Kazi ya kwanza ilikuwa msitu,
wa mchezo wa shule moja kule Nkoma.
Nilichora miti kumi na minne.
Mwalimu mkuu akaihesabu kama ahesabuye magunia,
akasema, "Mwezi huu hela hakuna, Khakasa, lakini utapata jina."
Jina ninalo, Mwalimu.
Nyanya alinipa bure, kabla sijafumbua macho.

Usiku ule nilikula malewa ya jana
nikiandika ankara kwa mwandiko nadhifu kuliko wa barua ya mapenzi.
Ya pili vilevile.
Ya tatu nikaongeza "tafadhali".
Ya nne nikaiondoa.

Juni: hakuna.
Niliandika "Juni" juu ya ukurasa nikauacha wazi,
kama sahani ya mgeni aliyekawia njiani.
Ndipo nilipojua kwamba ukitaja bei yako
kisha ukasema "lakini tunaweza kuzungumza",
umekwisha kuzungumza.

Agosti ngoma za kadodi zilitikisa hata makopo yangu rafuni.
Mji mzima ulikuwa barabarani ukicheza,
mimi juu ya ngazi, naupaka ukuta wa duka la simu
njano isiyo yangu, njano yenye namba karatasini,
isiyotaka shauri la mtu.
Walilipa siku hiyohiyo.
Mlio wa ujumbe wa pesa niliusikia tumboni kabla ya masikio.
Nikalipa kodi. Nikamlipa Mudoma mbao zake.
Kisha nikafungua kopo la bluu, ile niipendayo,
nikaikuta imekauka, ngumu kama kisigino.

Dada yangu Nabifo, muuguzi, huniuliza kila Jumapili:
"Na kazi, umepata?"
Huku kucha zangu zimejaa kazi.

Novemba walikuja vijana na mchezo wa maporomoko,
wakataka mlima, mlima mzima, kabla haujateremka.
Nikawachorea. Mchana wa mazoezi
mama mmoja kutoka Bududa, aliyeletwa kuwafundisha kuomboleza,
alisimama mbele ya turubai muda mrefu.
"Umesahau nyumba yangu," akasema. "Ilikuwa hapa, kushoto,
chini ya migomba. Mlango wa bluu."

Nilichemsha maji.
Nikaikwangua ile bluu kwa kisu, nikailowesha,
nikaikoroga mpaka mkono ukafa ganzi.
Ilitosha mlango tu.
"Mrefu kidogo," akasema. "Mume wangu alikuwa mrefu."
Nikaurefusha.
Akaukaribia, akausogezea kiganja,
hakuugusa.
Daftarini sikujua niandike nini siku hiyo,
nikaandika: bluu, imekwisha.

Machi hii wamenipigia wa ofisini.
Meza yangu bado ipo, wanasema, na chai ya saa nne.
Niliwauliza habari za droo.
Haifungi.
Nikasema, kwa sauti niliyosemeshwa nayo mwaka mzima,
"Tutawapigia."

Si kwamba nimeshinda. Nadaiwa misumari,
nadaiwa miezi miwili na Mama Gimono,
ambaye sasa anabisha hodi taratibu, nadhani ni huruma,
na huruma ya mwenye nyumba inatisha kuliko hasira zake.
Nami nadai msitu.

Kesho alfajiri nakwenda Nkoma na ankara ya tano.
Wakikosa hela, naikunja miti yangu, yote kumi na minne,
naipakia kwenye bodaboda, narudi nayo nyumbani.
Wanale una wingu tangu jioni.
Turubai nimelianika hivyohivyo.