Bati Unaloliogopea

Odenyo aliileta ambulensi saa nane, jua la Barabara ya Kirinyaga
likiyaliza mabati ya karakana.
"Inasikia, haisikiki," akasema.
"Nikiwa Donholm naita Ngara, Ngara wanauliza, nani?
Nikiwa Ngara kwenyewe, chini ya dirisha lao,
wananiambia nitoe kitambaa mdomoni."

Nilipanda juu. Antena imesimama wima, inang'aa,
kama bawabu siku ya kwanza kazini.
Sikuiamini.

Nikaunganisha kipimo. Bonyeza, nikamwambia, sema chochote.
"Moja, mbili, mke wangu ananidai unga."
Sindano ikaruka hadi tatu na ushei.
Yaani sauti inatoka, inakuta mlango umefungwa,
inarudi nyumbani kumchoma aliyeituma.

Kebo niliifuata kwa vidole, gizani,
kama mtu anayetafuta kunguni kwenye pindo la godoro:
chini ya zulia, nyuma ya machela,
hadi kwenye bawaba ya mlango. Hapo imebanwa
ikawa bapa kama utepe.
Nikatandaza mpya, mbali na bawaba.
Mbili na nusu. Bado.

Basi nikang'oa kitako.
Chini yake rangi, nyeupe, ya kiwandani,
na mviringo mwembamba wa kutu.
Aliyeifunga alihurumia gari jipya.
Nilipotoa msasa Odenyo alishika kichwa:
"Kerubo! Hiyo rangi ni ya mkopo!"

Mzee, fimbo hii ni nusu tu ya antena.
Nusu ya pili ni hilo bati unaloliogopea.

Nikasugua hadi chuma kitupu, upana wa shilingi ishirini,
nikakaza, nikaziba ukingo mvua isipite.
Moja na nusu.
Kisha msumeno: milimita mbili, pima.
Milimita mbili, pima.
Hapa ndipo wenye haraka hununua fimbo nyingine.
Moja nukta mbili. Nikaacha.
Marehemu baba angeendelea kukata.

"NGARA, NGARA, MNANIPATA?"
"Tunakupata, Odenyo. Mbona unapiga kelele?"

Akanyamaza, kidole bado kwenye kitufe.
Miezi saba amekuwa akipayuka;
sasa hajui sauti yake ya kawaida iko wapi.
Akajaribu tena, polepole,
kama anayeongea na mtu kitandani.
Kabla hajamaliza wakampa kazi: mama mjamzito, Mukuru,
karibu na kisima cha pili.

Akaondoka mbio, king'ora juu.
Pesa hajanipa.
Bisibisi yangu iko juu ya paa.