Kilo Hamsini

Baba alishika ghala la Mzee Lwaboshi, pale Nyawera,
kwa penseli moja nyuma ya sikio
na darasa la nne la msingi.
Gunia likipanda mizani, aliangalia sindano,
akaandika hamsini, akapiga mstari.
Miaka ishirini na miwili
haukupotea hata mfuko mmoja wa chumvi.

Mgongo ulipomkataa, karatasi ikabandikwa ukutani:
awe na D6.
Kaka yangu Cirhuza alikuwa nayo, wino bado mbichi.
Wakamwambia walioleta graduat wameshafika kumi na mmoja.
Akarudi shule. Alipoimaliza hiyo graduat,
ukuta ulikuwa unataka lisansi.
Sasa yuko Shabunda, anachimba.
Simu yake hupatikana Jumapili, siyo zote.

Basi nikaenda mimi, na lisansi.
Miaka mitano; migomo ya walimu ikaifanya saba.
Mama aliuza mbuzi wawili
na kitenge alichoolewa nacho.
Nikaivisha diplome plastiki,
nikashuka Kadutu, matope mpaka kwenye kifundo,
dosie kifuani kama mtoto mwenye homa.
Ukuta: lisansi, na uzoefu wa miaka mitano.

Nikamuuliza karani, Bwana Ntakwinja, kwa upole:
Hiyo miaka mitano inauzwa duka gani?
Nani huanzia wa sita?

Hakucheka. Alisukuma mlango wa nyuma.
Bahasha. Bahasha mpaka dirishani,
nyingine paka amezifanya kitanda.
"Dada, kazi haijaongezeka ugumu hata chembe.
Mlioongezeka ni ninyi.
Mia nne na sita, kiti kimoja,
na mimi nina macho mawili, tena mabovu.
Kila ngazi ninayopandisha
inanipunguzia usiku wa kusoma.
Mwaka ujao nitaandika masta,
na Mungu anisamehe,
mimi mwenyewe nina D6."

Paka akajigeuza juu ya majina yetu.

Nilipotoka, kijana alikuwa anashusha maharagwe.
Mizani ni ileile, kutu ileile mguuni.
Sindano ikatetemeka, ikatulia.
Nikaisoma kwa mbali, bila kutumwa na mtu,
kama nilivyoisoma nikiwa na miaka sita
juu ya bega la baba, kabla sijajua kuandika jina langu:
hamsini.