Inchi Nne kwa Sita Kasorobo

Ilianza kugonga usiku wa Jumanne,
tk, tk, kisha kimya, kisha tk,
kama mdai asiye na hakika ya mlango.
Nikadhani panya.
Kumbe diski, ndani ya kompyuta
niliyoinunua mnadani ofisi ya mkonge ilipofungwa,
bado ina namba ya bohari ubavuni, kwa rangi nyeupe.

Shekilindi alikuja kwa baiskeli toka Makorora,
bisibisi mfukoni kama kalamu ya karani.
Akatega sikio. Akanyamaza.
Kisha: "Mama Tunu, hii inajitafuna.
Kila ikisoma inajikwangua.
Sema unataka nini kwanza,
maana cha pili sikuahidi."

Miaka kumi na minne ya cherehani, Barabara ya Kumi na Mbili:
kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono.
Folda ya madeni. Picha za harusi ya Tunu.
Nikasimama na futi shingoni
nisijue mkasi uanzie wapi.

Shemeji akasema, itieni baridi.
Shekilindi alicheka, lakini akakubali.
Tukaifunga nailoni mara tatu,
tukailaza kwenye friza kati ya barafu za ukwaju
anazouza mwanangu wa mwisho.
Ikatupa dakika ishirini.

Nikasema: Vipimo.
Si madeni. Deni lina mdomo,
mwenyewe ukimkuta sokoni hugeuza uso, ukajua.
Lakini kiuno cha dada yangu Saumu,
ishirini na nane kabla ya maradhi,
ishirini na mbili baada,
nani mwingine anacho?

Mstari wa kijani ukatambaa.
Tisa. Thelathini. Hamsini na nane.
Kwenye sitini na moja, hata tk hakuna.

A mpaka M wameokoka.

Sikulia mbele ya fundi.
Nikachukua chaki ya kukatia, nikaandika nyuma ya mlango:
Saumu, 28. Saumu, 22.

Asubuhi Bi Mwanakombo kafika, hata salamu hakumaliza:
"Eti madeni yote yamefutika?"
"Yote," nikamwambia. "Lako tu limebaki."

Shekilindi anasema yupo mtu Dar es Salaam
anayezifungua, kwa bei ya ng'ombe. Siku moja, labda.
Nimetafuta kipande cha kitenge kilichobaki
niishonee mfuko, isiingie vumbi.
Nimeipima:
inchi nne kwa sita kasorobo.
Nimeandika. Kwenye daftari.