Kamba ya Nguo

Miaka kumi na tisa bandani, Veikko
akipinda mbao za msonobari kwa mvuke wa birika,
theluji ikiziba mlango,
na Aune akiuliza tu, "Chai nikuletee huko?"

Ukutani ramani: Azori,
duara la penseli nyekundu lililofifia.

Mei, barafu ya Baltiki ilipoyeyuka, wakaishusha.
Ikavuja. Akakinga kwa sufuria ya uji.
Tanga likajaa, naye akatapika mara mbili.

Saa nane alifunga kamba kisiwa cha kwanza,
akapiga simu:
"Aune, nimefika."
"Azori?"
"Hapana. Nakuonea nguo ulizoanika.
Shuka la bluu limeponyoka kibanio."

Akatoka kulibana,
akabaki na mkono juu,
akikipungia kitu cheupe
kidogo kuliko ukucha.