Ufunguo wa Kanisa la Juu

Kabla hatujafika Svaneti, gari la Bimurza
lilikohoa mara tatu, likagoma
kwenye kona ya theluji ya mwezi wa tano.
Tukamalizia kwa miguu, yeye mbele,
kapakata betri kama kichanga, baridi isiiue.

Minara ikachomoza mmoja mmoja,
ya mawe, myembamba, isiyo na milango chini.
"Ngazi walikuwa wakiivuta juu," akasema.
"Ukoo wetu na ukoo ule pale.
Miaka arobaini. Kisa fahali."
Nikatazama: ule pale ulikuwa karibu,
kiasi cha kuombana chumvi.

Nilifuata watakatifu wa kanisa la juu,
waliokaa ukutani miaka mia tisa.
Lakini mwenye ufunguo, Mama Dzabuli, yuko zizini.
Ng'ombe kwanza.
Tukaketi juu ya gogo. Maziwa yakaimba ndooni,
chururu, chururu,
na mlima mzima umenyamaza.

Alipokuja, ufunguo ulikuwa mrefu kama mkono wa mtoto,
unanuka samli.
Ndani: giza, nta, kisha macho,
macho makubwa ya watu waliochorwa,
mmoja amekwanguliwa uso.
"Nani kafanya hivi?"
"Babu yangu. Aliapa uongo mbele yake,
kuhusu yule fahali.
Baadaye akaona haya kutazamwa."
Akafunga. Akalijaribu komeo mara mbili.

Usiku nililazwa mnarani, juu ya nyasi kavu.
Ngazi hawakuivuta.
Kijana wa ukoo ule pale alipanda
kuniletea blanketi,
na kuulizia betri.